Siku goti la klachi lilipogoma

Ilikuwa saa nane mchana kwenye foleni ya mizani, jua kali, mbele yangu malori kama arobaini hivi na nyuma sijui mangapi, na mimi nimebeba tani 28 za simenti. Kama hujawahi kukaa foleni ya mizani fikiria hivi, wa mbele anasogea mita kumi, na wewe unasogea mita kumi, unasimama dakika tatu, unasogea tena. Kila ukisogea ni klachi. Na gari langu lilikuwa na gia boksi ya Eaton Fuller, zile zisizo na sinkro, kile kifaa cha kulinganisha spidi ya meno ya gia, ukiwa barabarani kila gia unakanyaga mara mbili, ya kwanza kutoa ya pili kuingiza, na ukiwa umesimama ili uingize namba moja lazima uizamishe klachi mpaka chini kabisa ndo gia iingie bila kupiga kelele. Barabarani mzoefu anabadili gia bila hata kugusa klachi, anasikiliza injini tu, na mimi nilikuwa nafanya hivyo sana nikijiona fundi kumbe mwenzenu nilikuwa naokoa goti bila kujua. Ila kwenye foleni hakuna ujanja.

Goti la kushoto lilikuwa limevimba tangu alfajiri. Nlilifunga bandeji chini ya suruali ili utingo asione, nikameza diklofenaki mbili za maumivu, nyingine mbili saa tano, tumbo linaniwaka moto. Sijui hata nilikuwa namficha nini yule dogo maana alikuwa analisikia. Nikipanda stepu lilikuwa linafanya kra kra kra kama mtu anasaga mchanga.

Sasa foleni ikasogea, nikaingiza namba moja nikaachia. Semi ikishaingia namba moja haihitaji hata kukanyagiwa mafuta, inajivuta yenyewe taratibu kama mtu anayetembea. Mbele yangu kulikuwa na tenki la petroli. Tenki likasimama, nikanyanyua mguu nikanyage klachi, goti halikunyooka.

Si kwamba liliuma, maumivu yalikuja baadaye. Lilikataa tu. Yaani ni kama mlango ambao mtu amechomeka kabari kwa chini, unasukuma hauendi, mguu umekunjika pale juu ya pedali na kichwa kinauambia kanyaga na wenyewe haupo. Na gari linaenda. Nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia mpaka nikainuka kwenye siti, injini ikagugumia, kebini yote ikatikisika, halafu ikazima. Nikavuta hand breki, upepo ukatoka tssss, kukawa kimya. Kati ya bampa yangu na mkia wa tenki ungepitisha mkono, mwili usingepita.

Utingo akaniangalia. "Suka, klachi imekatika?"

Nikamwambia klachi nzima.

"Goti?"

Sikujibu. Akaruka chini akazunguka upande wangu akafungua mlango, akanishika mguu kwa mikono miwili kama anashika tairi, akauweka pembeni ya pedali polepole. Hapo ndo nlipiga kelele. Miaka 22 barabarani, nimelala porini, nimeporwa, sijawahi kupiga kelele mbele ya utingo.

Honi zikaanza huko nyuma. Wenye haraka wakaja na matusi yao tayari mdomoni, wakikuta dereva anashushwa kwenye kebini kama gunia wananyamaza. Mmoja, kijana, akapanda akaliwasha gari akaliegesha pembeni, wenzangu wakanilaza kwenye kivuli chini ya tela. Suruali ikakunjwa, bandeji ikaonekana, na goti lenyewe limejaa kama papai. Nilitegemea wacheke.

Mzee mmoja, huyu alikuwa ananizidi kama miaka kumi, akaliangalia weee halafu akachuchumaa, tena kuchuchumaa kwenyewe kwa shida, kashika tairi. Akasema, "Mi ni nyonga. Wa kulia, wa mafuta." Basi. Akanyamaza. Mwingine akasema yeye bega, mkono hauvuki hapa, akaonyesha usawa wa sikio, kufunga turubai siku hizi anamlipa mtu. Mwingine kiuno, akitoka kwenye siti anakaa dakika nzima ameinama ndo anyooke. Ikawa kama watu wanaitwa majina darasani, kila mmoja anataja kiungo chake. Nikauliza, bosi wako anajua? Wakacheka wote, na utingo wangu naye akacheka, mshenzi yule.

Maana kila mtu pale alikuwa anajua hesabu. Ukisema unaumwa goti unapumzishwa, na dereva analipwa kwa safari, ukipumzishwa umeshaondoka ila hujaambiwa tu.

Wiki mbili baadaye daktari akanionyesha picha ya eksirei. Nikamwambia dokta nadhani mafuta ya goti yamekauka, si ndivyo wote tunavyosema, akatabasamu akasema hamna mafuta pale, kuna gegedu, ile nyororo inayofunika ncha za mifupa, na kuna ute wa kulainisha. Gegedu haina mshipa wa damu wala wa fahamu. Ndo maana inalika miaka na miaka husikii kitu, ukija kusikia ni kwamba kilichobaki ni mfupa na vinavyouzunguka. Na kwa kuwa haina damu inapata chakula kutoka kwenye ule ute, ukitembea inaminywa na kuachiwa kama sponji, sasa wewe umekaa masaa kumi na mbili goti limekunjwa siti inatetemeka. Kwenye picha gegedu yenyewe haionekani, kinachoonekana ni nafasi kati ya mifupa, na yangu upande wa ndani ilikuwa haipo. Kile kilichokwama siku ile ni kipande cha minisikasi, kile kijimto chenye umbo la mwezi mchanga, kilichanika kikajipenyeza katikati. Kumbe kabari ilikuwa kabari kweli.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Unashukaje kwenye gari?

Naruka, nikasema. Nani anashuka kwa ngazi, ngazi ni za kupandia.

Akachukua kalamu. Mara ngapi kwa siku? Nikasema kumi na tano, kukagua tairi, karatasi, haja, kufunga kamba. Siku ngapi kwa mwaka? Nikasema tuweke 250. Akazidisha kwa miaka 22 akanigeuzia karatasi: 82,500. Kutoka juu, kimo cha kifua changu, kutua kwenye lami, na mguu unaotangulia ni wa kushoto. Mimi nlikuwa nimekuja kuilaumu klachi. Akasema klachi ina sehemu yake na kitambi chako kina sehemu yake, ukipungua kilo moja goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua, ila ile hesabu ya kuruka iliniuma zaidi maana hakuna aliyenilazimisha. Nlikuwa naruka kwa sababu dereva anaruka.

Goti la bandia alisema lipo ila una miaka 47, mengi yanadumu miaka 20 na zaidi lakini hili unaweza kuja kulibadilisha ukiwa mzee na mara ya pili ni kazi nzito kuliko ya kwanza, tuvumilie kwanza na mazoezi. Na kuendesha semi? Akatikisa kichwa. Ofisini nako nikaulizwa ajali ilitokea tarehe ngapi. Nikasema hakuna ajali. Wakasema basi si ya kazini, kwenye fomu pana sehemu ya tarehe moja tu. Hilo sitalizungumza sana, nikianza nalala na hasira.

Turudi pale mizani. Dereva wa kuchukua gari alifika saa tatu usiku kwa basi, kijana wa miaka 27 hivi, mpole, akaniamkia vizuri, "Shikamoo mzee, pole sana." Mzee! Goti lilikuwa limeachia lenyewe magharibi, nikageuza mguu vibaya likalia tak na likanyooka, kwa hiyo nlikuwa nimesimama, nimeegemea fimbo ya turubai. Nikampa funguo, karatasi za mzigo, nikamwambia breki ya tela inashika upande wa kulia kwanza, taa ya nyuma inazima zima ipige ngumi. Akapanda akarekebisha siti, akaisogeza mbele maana ni mfupi. Miaka sita hiyo siti haijawahi kusogezwa.

Nikamwambia dogo sikiliza, ukishuka geuka uso uangalie gari, shika kulia shika kushoto, shuka stepu moja moja. Akasema sawa mzee. Akawasha, akasikiliza injini, akakumbuka hajaangalia tairi za tela. Akafungua mlango.

Nikasikia tu viatu vyake vikipiga lami, pu! Huyo akapita na tochi yake anapiga mluzi.