Nilivyoachana na zege

Kwa karibu miaka miwili jioni yangu ilikuwa ile ile: nashuka mwendokasi Manzese, naagiza zege, yaani chipsi mayai, nasubiri huku nimeshika soda baridi. Asubuhi chai na chapati mbili kwa mama ntilie, mchana wali maharage pale pale Kariakoo ninapouza duka. Kupika nilikuona ni gharama. Mtu uko peke yako, chumba kimoja, upike nini?

Bosi alipotukatia posho ya chakula ndipo nikachukua daftari. Chai 1,500, mchana 2,500, zege na soda 3,500. Kwa wiki 52,500! Na mboga za majani nilizokula siku zote hizo zilikuwa nyuzi za kabichi kwenye kachumbari.

Nikaanza vibaya. Nilinunua maharage, nikayainjika bila kuloweka. Saa mbili na nusu baadaye bado yanagonga meno kama kokoto, na mtungi wangu wa kilo sita ukazima. Dada wa chumba cha pili akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hayo yanalowekwa toka usiku, na maji yake unamwaga. Kama huna subira nunua choroko." Basi choroko ndiyo ikawa mkombozi wangu, maana inaiva haraka na gesi haiumii. Maharage tunapika Jumapili, yeye na mimi tunachanga mkaa, sufuria moja kubwa tunagawana.

Yeye ndiye aliyenifundisha dagaa pia. Wa kwanza niliwanunua kwa macho, wakubwa wanang'aa, kumbe wamekaushwa chini. Kila tonge mchanga. Siku hizi nikifika soko la Tandale namwomba muuzaji maji kwenye kikopo, natupia dagaa wachache, nakoroga, natazama chini. Mchanga ukituama nahamia meza nyingine. Wale wa kwenye vichanja wanazidi bei kidogo, ila hutupi kitu. Nyumbani natoa vichwa, nawaosha kwa maji ya moto mara mbili, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka waanze kunukia, ndipo kitunguu, nyanya na mafuta kijiko kimoja. Ndimu mwishoni kabisa. Dagaa unamla mzima na mifupa yake, ndiyo maana ana kalsiamu ambayo mnofu wa samaki mkubwa haukupi.

Mchicha, matembele na majani ya maboga nanunua gengeni jioni wanapokaribia kufunga, fungu la 500 linakuja na nyongeza. Naosha kabla ya kukata, napika dakika chache tu, na maji yake simwagi. Ndimu naikamulia humo pia, maana inausaidia mwili kunyonya madini ya chuma ya kwenye majani. Chai ndiyo inayoyazuia, kwa hiyo nimeisogeza mbali na mlo. Hilo lilinisumbua kuliko kuacha soda.

Dona nayo ilinifunza adabu. Nilinunua kilo kumi nikijiona mjanja, wiki chache baadaye imechacha na wadudu juu. Kiini cha mahindi kinabaki humo na mafuta yake, na joto la Dar unalijua. Sasa nasaga kilo tatu tatu. Wenzangu dukani wakiona hotipoti yangu wanasema nimerudi bweni, lakini saa kumi wao wanatafuta maandazi, mimi bado nimeshiba.

Feri kufuata samaki nilikwenda mara moja. Nauli na muda vikala nafuu yote, sijarudi. Protini nyingine ni mayai, na karanga ninazochambua moja moja. Yenye ukungu au iliyosinyaa natupa, sumukuvu si ya kuchezea.

Mwezi uliopita nilifungua tena daftari: 29,000 kwa wiki, gesi na mkaa ndani yake. Humo ipo pia zege ya Ijumaa, hiyo sijaiacha. Muuza chipsi kila akiniona ananiuliza nilisafiri lini.