Kifua cha mama mzee kikiuma bila kuanguka: usisahau mfupa wa kidari

Mzee akilalamika kifua, hapa Bukavu tunataja moyo, halafu gesi, halafu baridi. Mfupa hautajwi. Lakini kwa mama wa miaka 75 ambaye mgongo umeshaanza kupinda, kidari, yaani mfupa bapa wa katikati ya kifua, kinaweza kuvunjika bila ajali yoyote: amekohoa, ameinama kufagia, amenyanyua bidoni, au hakufanya kitu kabisa.

Chanzo kiko mgongoni. Mifupa ikishapoteza ugumu wake, ugonjwa unaoitwa osteoporozi, pingili za mgongo hubonyea upande wa mbele na mzee anaanza kuinama. Uzito ambao uti hauwezi tena kuubeba unahamia kwenye mbavu na kidari. Kidari kinakunjwa pole pole mpaka kinapasuka. Kwa hiyo ukikuta ufa hapo, piga radio (picha ya eksirei) ya mgongo pia, maana mara nyingi kuna pingili zilizokwisha kubonyea na mgonjwa alidhani ni uchovu wa shamba.

Walio hatarini zaidi ni wanawake waliokoma hedhi zamani, na yeyote aliyemeza prednisolone kwa miezi mingi kwa ajili ya pumu au maumivu ya viungo. Ulizeni pia vidonge vya kunenepesha vya sokoni: vingine vina deksametazone, dawa ya jamii moja na prednisolone, nayo hula mifupa vile vile. Lakini aliyeizoea asiiache ghafla. Munganga (daktari) ampunguzie kidogo kidogo.

Moyo kwanza, hata hivyo. Jasho la baridi, pumzi kukata, maumivu yanayopanda tayani au kushuka mkononi, kuzimia: hayo ni ya lopitali saa hiyo hiyo, na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ifanywe kabla ya kubishana juu ya mfupa. Kuuma ukibonyeza hakuthibitishi kwamba moyo ni mzima.

Moyo ukishaangaliwa, tumia kidole kimoja. Anza kwenye shimo lililo chini ya koo, shuka taratibu katikati. Kama sentimita 5 chini utakutana na kituta: hicho ni cha kawaida, kila mtu anacho, ndipo ubavu wa pili unaposhika. Watu wengi hushtuka hapo bure. Unachotafuta ni mahali pamoja panapomfanya mzee aruke, au ngazi ndogo ambapo mfupa umeingia ndani, mara nyingi chini ya kituta hicho.

Radio ya kifua ya kawaida, ile ya kusimama ukikumbatia sahani, haionyeshi ufa huu, kwa sababu kidari kinafunikwa na uti na moyo. Mzee anarudishwa nyumbani na jibu la «hakuna kitu». Munganga aandike wazi: «sternum, profil», yaani picha ya kidari kutoka ubavuni, mikono imevutwa nyuma. Pasipo na skana, ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) yenye sonda ya kuangalia karibu na ngozi inaweza kuonyesha ukingo wa mfupa uliokatika.

Ufa wa namna hii kwa kawaida hauhitaji upasuaji. Hupona kwa wiki 6 hadi 12. Kinachoharibu ni tunayofanya nyumbani: kukanda, kuchanja ngozi kwa wembe, na zaidi ya yote kumfunga kifua kwa kikwembe. Kifua kilichobanwa hakijai hewa, makohozi yanabaki chini, nimonia inafuata. Badala yake:

Paracetamol miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 3 kwa siku (akipewa 1,000, mwisho mara 3). Aliye mwembamba sana au mwenye ini bovu apewe pungufu. Diklofenaki ya siku nyingi huharibu figo na tumbo la mzee. Tramadol inaleta kizunguzungu, na kwenye miteremko ya Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, kizunguzungu ni nyonga kuvunjika. Akiwa macho, apumue kwa kina mara 10 kila saa, akikumbatia mto anapokohoa. Alale akiwa ameegemea. Kuamka: ageuke ubavu, ashushe miguu, mwingine amshike mgongoni, msimvute mikono. Atembee kila siku, lakini bidoni ya lita 20 na mzigo wa kamba kwenye paji la uso viishe.

Sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa, wanaoliwa na mifupa yao wana kalisi nzuri. Lengo ni kama miligramu 1,200 kwa siku, pamoja na vitamini D yuniti 800. Peke yake haitoshi aliyekwisha vunjika. Alendronate, dawa ya kuzuia mifupa isiendelee kuliwa, miligramu 70, mara moja kwa wiki, inamezwa asubuhi tumbo tupu na gilasi nzima ya maji (chai haifai), kisha akae wima dakika 30 bila kula. Asiyeweza kukaa wima au anayekwamwa na chakula asipewe: kidonge kinachoma umio. Figo na kalisi vipimwe kwanza.

Kama kuna homa, kukonda, uvimbe wa kidari, au maumivu yanayoamsha usiku bila kupungua baada ya wiki 6, usiridhike na jina la osteoporozi. Kifua kikuu cha mfupa, saratani ya damu ya uboho, au ile iliyotoka kwenye titi au tezi dume huvunja kidari kwa namna hiyo hiyo, na dawa zake ni nyingine kabisa.