Zirkonia niliyochagua kwa visiki vya kahawia

Fomu iliyofika maabara yetu ya meno bandia hapa Arusha iliandikwa "zirkonia, A1" tu: zirkonia ni oksidi ngumu nyeupe ya kutengenezea meno, na A1 ni rangi nyepesi ya jino. Mgonjwa alihitaji mataji mawili ya meno ya mbele ya juu, na daraja la meno matatu kwenye magego ya chini. Kwa mimi ninayekata meno hayo kutoka kwenye diski za zirkonia, maelezo hayo hayatoshi.

Nikampigia simu daktari wa meno: "Dokta, naomba picha ya visiki, yaani meno yaliyochongwa kubeba mataji, kipimo cha rangi kiwe pembeni." Ilipofika nikaelewa. Mgonjwa amekulia Ngarenanyuki, kwenye maji ya floridi nyingi, na hata baada ya enameli kuchongwa visiki vilibaki vya kahawia.

Diski hizi zinatofautiana kwa kiasi cha itria, oksidi inayochanganywa kwenye zirkonia; namba kabla ya Y ikiwa kubwa, itria ni nyingi. 3Y ina nguvu ya megapaskali 1,000 hivi au zaidi, ila haipitishi mwanga vizuri, kama chaki. 5Y hupitisha mwanga vizuri, lakini nguvu yake hushuka hadi kati ya 500 na 700 hivi. 4Y iko katikati. Wauzaji hupenda kuishika 5Y mbele ya taa, na kweli inavutia. Tatizo ni kwamba mwanga ukishapenya hadi kwenye kisiki cha kahawia, unarudi na rangi yake. Mezani taji ni A1 safi, mdomoni ni la kijivu.

Kwa hiyo mbele nilitumia 3Y kuficha kisiki, nikapunguza uso wake wa nje na kujengea kauri hapo tu. Upande wa ndani, meno ya chini yanakogonga, nikauacha zirkonia tupu, maana kauri hubanduka. (A1 yenyewe ningeishusha iwe A2, iliyokolea kidogo, lakini mgonjwa alishaamua.)

Daraja lote likawa 3Y bila kauri. Daraja huvunjikia kwenye viungo vinavyounganisha jino na jino, nami sishuki chini ya milimita 9 za mraba. Magego yake ni mafupi, basi nikatafuta kila nafasi ya kuongeza kimo cha kiungo, kwa kuwa kimo husaidia kuliko upana. Sehemu ya kutafunia niliing'arisha kabisa. Glezi, yaani mng'ao wa kupakwa, huisha, na zirkonia yenye mikwaruzo hulila jino linalogusana nayo.

Kwenye boksi nikaweka ujumbe: baada ya kujaribisha mdomoni, safisha mate kabla ya saruji, usitumie asidi ya hidrofloriki kwani haiing'ati zirkonia, na kwa meno ya mbele chagua saruji nyeupe isiyopitisha mwanga.