Nilienda Salaita na nusu lita ya maji

Jumatano ni siku ya soko Taveta na mimi nilitoka Moshi asubuhi kufuata maharage tu. Mpaka wa Holili sina la kusema, nilivuka haraka, ila aliyenibadilishia hela alinipunja shilingi mia nne za Kenya na nikaja kugundua nimeshakaa kwenye bodaboda. Nikafika sokoni nina hasira, nikanunua gunia langu, nikamwachia mama mmoja aniangalizie, nikabaki na masaa manne ya kusubiri gari.

Pale mjini kando ya barabara kuna makaburi ya wanajeshi wa vita vya kwanza vya dunia. Nimepita hapo mara nyingi sijawahi kuingia, na nafundisha historia sekondari jamani. Siku hiyo geti lilikuwa wazi, mzee anafagia majani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia akasema karibu mwanangu, hapa hakuna kiingilio. Nyasi zimekatwa vizuri kuliko uwanja wa shule yetu. Kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe. Nikazunguka nikisoma, na nilichokuwa nataka kujua ni kitu kidogo tu, hawa vijana walikuwa wanaishije huku kwetu kabla hawajafa, wanakula nini, wanalala wapi. Mzee akasema wengi wa vita ile waliondolewa na malaria na kuhara kuliko risasi, na kama nataka kuona walikopigania niende Salaita, sio mbali.

Sio mbali ya mzee ilikuwa kilomita kumi na kitu. Boda akataka elfu moja mia tano, nikalalamika mpaka tukashikana elfu moja kwenda na kurudi. Kilima chenyewe hakitishi, kimekaa peke yake kwenye tambarare ya vichaka vya miiba, barabara ya Voi inapita karibu. Kijana akaniambia dada, nampeleka mteja mmoja hapo mbele, nusu saa nimerudi. Hela nilishampa nusu. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Nikapanda. Mahandaki bado yapo, yamezungushiwa mawe, mengine yamejaa mchanga yanafika magotini tu. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza lilishambulia hapa likitokea upande wa Mbuyuni, mbele wakiwa askari wa Afrika Kusini ambao ndio kwanza wamefika nchini. Mizinga ikawa inapiga kileleni kwa sababu huko ndiko mahandaki yalikuwa yanaonekana, kumbe yale ni ya kudanganyia, Wajerumani na askari wao wamejificha chini kabisa kwenye vichaka, vijana wa watu wakaenda moja kwa moja kwenye bunduki. Wakarudishwa nyuma. Waingereza walikuja kukishika kilima mwezi wa tatu, Wajerumani wameshaondoka.

Ila mimi niliokuwa nawawaza zaidi ni wale wa Loyal North Lancashire, kikosi cha Waingereza, batalioni ya pili. Hawa walikuwa India vita vinaanza, Novemba 1914 wakashushwa Tanga pamoja na Wahindi, wakapigwa, na nyuki nao wakawashambulia humo humo, halafu wakaletwa kwenye nyika hii ya Voi na Maktau. Zaidi ya mwaka. Kazi yao kubwa ikawa kulinda reli ya jeshi iliyojengwa kutoka Voi, kutembea kandokando yake kuangalia kama usiku kuna mtu katega baruti, kuchimba mahandaki, kulinda maji, na kurudisha waya za simu kila twiga akipita akazikata kwa shingo. Asubuhi kwinini, dawa ya malaria. Jioni sindano ya kutolea funza kwenye vidole. Mshahara wa askari wa chini shilingi moja ya Uingereza kwa siku, ambayo kwa hela ya huku wakati ule ni robo tatu ya rupia. Mtu katoka Lancashire kwenye mvua na viwanda vya pamba, kofia kubwa kichwani, kaptula, anaangalia miiba hii hii mwezi baada ya mwezi. Mei 1916 batalioni nzima ikabidi ipelekwe Afrika Kusini ikapumzike kwa jinsi homa ilivyokuwa imewamaliza.

Saa sita na nusu maji yangu yakaisha. Nusu lita. Boda hajarudi, simu yake haipatikani, mti wa maana wa kivuli hakuna, nikaingia ndani ya handaki nikakaa mgongo kwenye mawe kwa sababu ndio palikuwa na kivuli cha kunitosha kichwa. Midomo ilikauka mpaka ikawa inashikana. Nilizaliwa Kilimanjaro mimi, mfereji unapita nyuma ya nyumba, sikuwahi kukaa hata masaa mawili nikiwaza maji peke yake. Siku hiyo niliwaza maji tu, na mlima nauona kwa mbali una theluji.

Hapo ndipo nikaona kopo. Lilikuwa limejichomeka kati ya mawe, bati limeoza kwa kutu, limebonyea upande mmoja, mfuniko umekatwa kwa kisu ukaachwa unaning'inia, kingo zake zina meno meno. Nikalishika unga wa kutu ukabaki mkononi. Na neno likanijia mdomoni lenyewe: bulibifu. Bibi yangu mpaka leo nyama ya kopo anaiita hivyo, ile bully beef ya Waingereza, na sisi wajukuu tumemcheka miaka yote. Kalipata kwa baba yake, ambaye Waingereza baada ya kuichukua Moshi walimkamata akiwa kijana wakamwingiza upagazi, ile Carrier Corps ambayo ndiyo imetupa Kariakoo. Mzigo wa kilo ishirini na tano hivi kichwani, kwa mguu, posho yake unga wa mahindi. Kule makaburini nilisoma mawe yote, jiwe la mpagazi sikuliona hata moja.

Kopo nikalirudisha pale pale.

Boda alifika saa tisa akidai mia tano ya nyongeza kwa kuchelewa kwake mwenyewe, nikamlipa kwa sababu alikuwa na chupa ya maji.

Usiku nikampigia bibi nikamsimulia. Akanyamaza kidogo akauliza, "Lilikuwa tupu?" Nikamwambia tupu, bibi. Akasema wakati wa vita baba yake aliyabeba kwa maboksi na hakuwahi kuonjeshwa, mpaka miaka imepita akapata hela ya kahawa, akaenda mjini kwa Mhindi akanunua kopo moja, akalifungulia nyumbani watoto wote wamemzunguka. Akala kijiko kimoja akakiweka chini.

"Akasema, ndiyo hii tu?"