Salfa haikuwa na kosa

Mtwara, Jumapili usiku

Kwa miezi mingi nililaumu salfa. Huku kwetu, mikorosho ikianza kupuliziwa salfa, dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, mwezi Juni, kila apigaye chafya husema "salfa hiyo", nami nikasema hivyo hivyo. Macho yanawasha, pua inatiririka, usiku kifua kinabana na kupiga mluzi. Kisha nikaenda likizo Newala, katikati ya msimu, mashine zinanguruma mashambani na vumbi la njano limetanda hadi uani. Pua ikakauka. Nikalala usiku kucha.

Siku niliyorudi kazini, maabara tunakofuga panya, nusu saa tu baada ya kubadilisha maranda kwenye vizimba vya panya, mikono ikatoka vipele.

Bibi alishangaa: "Mjukuu wangu, sisi tumekula samaki nchanga, panya hao hao wa shambani, tangu utotoni, leo panya akuumize?" Nikamweleza taratibu. Shida si nyama, bibi. Ni protini zilizo kwenye mkojo wake, mate na chembe za ngozi. Mkojo unakaukia kwenye maranda, unageuka vumbi jepesi, na mimi ndiye ninayelimwaga na kulifagia. Panya dume ndiye huzitoa protini hizo zaidi kwenye mkojo. Daktari aliyenipima mzio kwenye ngozi alisema wengi huanza kudhurika ndani ya miaka 3 ya mwanzo ya kazi hii. Mimi nina miaka 2 kazini.

Kinachoniuma ni barakoa. Nilivaa kila siku, ile ya buluu ya upasuaji, nikiamini inanilinda, kumbe hewa inapita kandoni mwa mashavu. Inayofaa ni N95 iliyopimwa ikakaa sawasawa usoni. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, nikihofia kuonekana mvivu. Na yale mavazi ya kazi nilirudi nayo nyumbani, mwanangu akinirukia mlangoni.

Ijumaa tuliongea na msimamizi. Maranda yatamwagwa ndani ya kabati lenye kufyonza vumbi, sakafu itapigwa deki badala ya kufagiwa, makoti yatabaki huko huko. Mimi nahamia chumba cha vipimo, maana daktari amenionya kuwa pumu ya aina hii ikikomaa, mtu anaweza kuacha kazi na bado ikabaki naye.

Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita ameanza kufikicha macho. Anasema ni salfa. Kesho asubuhi, kabla hajaingia chumba cha panya, nitamwita pembeni.