Nilivyojifunza kulegeza nyuzi

Gita langu la kwanza la umeme nililinunua mkononi kwa jamaa aliyekuwa akihama nyumba. Lilikuwa na nyuzi nene zilizoshika kutu na shingo iliyopinda kidogo. Shida yangu ilikuwa moja tu: kupiga nyimbo za System of a Down, bendi ya metali ya Marekani, hasa zile za albamu yao ya 2001, Toxicity. Nilizisikia redioni hapa Nairobi nikiwa shuleni, na hazikuwahi kunitoka kichwani.

Nilihangaika miezi mitatu. Kodi za kanisani nilikuwa nazijua (za gita, si za nyumba), lakini kila nilipobana nyuzi zote sita kwa kidole cha shahada, nusu yake zilikuwa bubu. Vidole viliniuma hadi nikawa nashika kikombe cha chai kwa viganja. Na hata siku nilizofanikiwa kubana vizuri, sauti haikuwa ile. Ilikuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya kopo. Nikaenda Luthuli Avenue, nikanunua amplifaya ya mtumba, nikazungusha kitufe cha distoshini, kile kinachokwaruza sauti, hadi mwisho. Kopo likabaki kopo, ila sasa linapiga kelele.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa magita, niliyempelekea lile langu alinyooshe shingo. Aliniuliza nataka kupiga nini. Nilipomwambia, akacheka.

"Kijana, wewe unapigana na nyuzi. Hao unaowataka wanazilegeza. Kamsikilize Tony Iommi kwanza, halafu urudi."

Iommi ndiye mpiga gita wa Black Sabbath, bendi niliyokuwa naijua kama mtu anavyomjua babu wa babu yake: yupo kwenye ukoo, basi. Usiku ule nikaanza kuwasikiliza na kusoma habari zao, na kilichonishika hakikuwa misalaba wala mavazi meusi. Kilikuwa vidole vya Iommi.

Iommi alikuwa kijana wa Birmingham, Uingereza, mfanyakazi wa kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Wapiga gita wengi hutumia mkono huo kukwaruza nyuzi tu, lakini yeye ni mashoto. Mkono wa kulia ndio unaobana. Msimamizi wake kazini akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gita wa jazi, yule aliyeungua mkono motoni na bado akapiga solo kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vifuniko vya vidole, akavibandika ngozi juu yake ili visiteleze.

Sasa, kidole kilichovaa plastiki hakihisi uzi. Hujui umebana sana au kidogo. Alihitaji nyuzi laini, na wakati huo hazikuwa zikiuzwa, kwa hiyo akachukua nyuzi nyembamba za banjo akazifunga kwenye gita. Kufikia albamu yao ya tatu, Master of Reality ya 1971, akaanza kushusha gita zima toni moja na nusu katika baadhi ya nyimbo, na Geezer Butler, mpiga besi wao, akaishusha besi kumfuata.

Mimi nilikuwa nimedhani uzito ule ni wa hasira. Kumbe mwingi wake umetoka kwa mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kupiga gita bila kuumia.

Nikarudi kwa fundi. Akanionya kwamba kulegeza si kuzungusha vifungo tu. Nyuzi zikilegea, shingo iliyokuwa ikivutwa mbele inarudi nyuma, na nyuzi zinaanza kugonga freti, vile vyuma vya kupandia shingoni. Ndani ya shingo mna nondo nyembamba. Akailegeza robo mzunguko, akasubiri, akapima tena. Kosa langu lilikuwa haraka. Nilikwenda nyumbani nikafunga nyuzi nyembamba zote, nikazishusha zote toni moja, na ule wa chini, yaani ule mnene, ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Ilinibidi ninunue seti ya mchanganyiko, wa juu unene wa inchi 0.010, wa chini 0.052. Hapo gita likatulia.

Halafu uzi wa chini kabisa nikaushusha toni moja zaidi kuliko wenzake. Ukifanya hivyo, kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi tatu nene kinakupa noti ya msingi na ile ya tano ukihesabu kutoka hapo, bila ile ya tatu katikati. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ikiniharibia kazi: ukiipitisha kwenye distoshini, sauti inageuka matope. Miezi mitatu nilikuwa nikipika matope kwa bidii.

Baada ya hapo milango ilifunguka kwa fujo. Toxicity ikaingia mkononi. Bendi za Soundgarden na Alice in Chains za Seattle, ambao nyimbo zao kadhaa zimeshushwa uzi ule wa chini, nikawaelewa kwa kidole kabla ya sikio. Kyuss, na Queens of the Stone Age waliotoka humo, nao walishusha gita zima. Najua wapo watakaonidai heshima ya Led Zeppelin na Deep Purple, bendi nyingine za zama zile. Wapewe. Lakini sauti ya chini tunayoisikia kwenye roki ya leo, mimi naifuata hadi kwenye ile chupa ya sabuni.

Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath walipoaga jukwaani katika uwanja wa Villa Park, mtaani kwao Aston, Birmingham, nilitazama kwa simu. Metallica, Tool, Gojira wa Ufaransa, wote walipanda na nyimbo za wazee wale. Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, aliimba akiwa ameketi. Siku 17 baadaye akafariki. Watu walikuwa wakilia. Mimi nilikuwa nimekodolea macho mkono wa kulia wa Iommi, mzee wa miaka 77.

Wiki ile nikajifunza wimbo unaofungua albamu yao ya kwanza ya Februari 1970: G, kisha G ya juu, kisha C kali (C#), noti ambayo sikio linaikataa. Polepole mno. Nilikuwa nimeshairudia kama nusu saa, dirisha likitetemeka, dada yangu akachungulia mlangoni.

"Miaka yote hii ya kununua nyuzi," akasema, "ni noti tatu?"

Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nipunguze sauti, mtoto amelala.