Jinsi nilivyoondoa moshi mweusi wa tanuri la taka kwa gesi asilia
Tanuri letu la kuchomea taka lilitoa moshi mweusi kila mara taka zilipoingia zikiwa zimelowa, na kipimo cha monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu inayoonyesha kuwa mwako haujakamilika, kilipanda papo hapo. Nilianza kwa kuongeza hewa, kosa ambalo nadhani wengi hulifanya, kwani hewa baridi ilizidi kuteremsha joto chini ya nyuzi 850 za Selsiasi, ilhali kanuni za Umoja wa Ulaya hutaka gesi za mwako zikae katika joto hilo kwa angalau sekunde 2 ili sumu kama dioksini ziteketee.

Ndipo nilipofunga katika chumba cha pili cha tanuri, ambamo gesi za mwako humalizia kuungua, vichomeo vya gesi asilia vinavyowaka vyenyewe joto linapokaribia kushuka, na nikakataza taka kuingizwa kabla chumba hakijapata moto wa kutosha.

Oksidi za nitrojeni, gesi nyingine zinazochafua hewa, zilibaki juu. Nilizipunguza kwa kupuliza gesi asilia kidogo juu ya wavu wa moto, yaani wavu ambao taka huchomewa juu yake, mahali penye oksijeni haba, ambapo methani (sehemu kuu ya gesi asilia) inayovunjika huzigeuza kuwa nitrojeni ya kawaida, kisha hewa huingizwa juu zaidi kumalizia mwako. Sasa ukichungulia kidirishani, ndimi za moto ni za manjano angavu, wala hazina masizi pembezoni.